Kadi za Baba Mkwe

Kila mwaka, pamba ikishauzwa, Adoyo alibeba kwenda mjini kitu ambacho hakuna mtu nyumbani kwao aliyekitaja kwa jina. Alikikuta asubuhi ndani ya kikapu chake, kimefungwa kwa karatasi ya kaki na kuzungushiwa kamba ya katani mara tatu, kana kwamba kilikuwa na miguu ya kukimbilia. Hakuuliza nani amekiweka. Alikifunika kwa kipande cha khanga, akajitwika ndoo ya maziwa, akashika kikapu mkononi na kuondoka kijijini kwao Mkolani kabla jua halijapanda juu ya mawe ya vilimani. Maziwa yalikuwa ya mgahawa mmoja mjini. Kifurushi kilikuwa cha hospitali.

Ndani ya kifurushi mlikuwa na kadi tatu za karatasi ngumu, na kila kadi ilipakwa choo cha baba mkwe wake.

Mambo hayo yalianza mwaka tisini na mbili, alipofariki Luhaga, kaka mkubwa wa baba mkwe. Luhaga aliugua tumbo, akakonda, akapelekwa hospitali ya misheni akiwa hawezi tena kukaa. Daktari Mihayo alimpasua akakuta uvimbe kwenye utumbo mkubwa, umeshasambaa. Baada ya maziko daktari alimwita mdogo wa marehemu, yaani Mzee Nkwabi, akamuuliza habari za ukoo. Baba yenu alikufa na nini? Tumbo. Shangazi yenu je? Naye tumbo. Nkwabi alieleza kwamba kila tumbo lilikuwa na mchawi wake anayejulikana, na mmoja wao alikuwa bado hai, anaishi Misungwi na anafuga kuku. Daktari hakubishana na habari ya wachawi. Alisema tu kwamba ugonjwa huu hutembea ndani ya damu ya ukoo, na kwamba Nkwabi, aliyekuwa na miaka hamsini na mbili, alikuwa kwenye foleni.

Akamweleza kwa maneno ambayo mfugaji angeyaelewa. Uvimbe huo huanza kama kijinyama kidogo, mfano wa uyoga ulioota kwenye gogo. Hauumi. Unaweza kukaa miaka mingi unakua polepole, na katika miaka hiyo hutoa damu kidogo sana ambayo jicho haliioni. Kadi huiona. Mtu wa maabara akidondosha dawa juu ya kadi, penye damu hugeuka bluu. Ukionekana ungali mdogo unakatwa, na mtu anarudi kwenye ng'ombe wake. Lakini kadi za mwaka mmoja hazitoshi.

"Ni kama josho, mzee," daktari alisema. "Huwezi kuogesha ng'ombe mara moja ukasema kupe wamekwisha."

Hilo Nkwabi alilielewa. Akakubali kila mwaka apime: siku tatu bila kula nyama, kila siku kadi moja, apake kidogo kwa kijiti, afunge, zipelekwe.

Shida ilikuwa nani azipeleke. Mwanawe Shigela, mume wa Adoyo, alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda kipya cha minofu ya sangara kando ya ziwa, anaingia alfajiri na kutoka jua likizama. Mama mkwe, Rebeka, magoti yake yalikuwa yamevimba, hata kisimani hafiki. Nkwabi mwenyewe alisema bora afe kuliko kusimama kwenye dirisha la maabara mbele ya wasichana, anawakabidhi kinyesi chake kama mtu anayelipa kodi. Basi Rebeka akaamua. Adoyo alikuwa akipita karibu na hospitali kila siku ya maziwa. Apeleke yeye.

Jioni ile Nkwabi alikwenda kukaa zizini mpaka wakati wa kulala.

Ilikuwa aibu kubwa, na Adoyo aliielewa kwa sababu hata kwao Shirati, kwa Wajaluo wa pwani ya ziwa, baba mkwe na mke wa mwanawe hawazoeani. Hapa kwa Wasukuma alipoolewa alipiga magoti kumwamkia, alimwekea maji ya kuoga nje ya mlango na kuondoka kabla hajatokea, hakukaa kwenye kigoda chake, na jina lake hakulitamka kamwe. Tena Adoyo mwenyewe alikuwa mtu wa haya. Shule aliiachia darasa la tano, mama yake alipojifungua mapacha na mikono ikapungua nyumbani. Tangu hapo alizoea kukaa nyuma ya watu na kusikiliza. Mzee kama yule na binti kama huyu, halafu katikati yao kadi zile.

Hata hivyo mambo yalikwenda. Mwaka wa kwanza majibu yalikuwa safi. Wa pili safi. Wa tatu safi. Adoyo alirudi na karatasi, akampa mama mkwe, mama mkwe akamwambia mumewe, "Barua yako imejibiwa," na mzee akaitikia kwa kukohoa. Daktari Mihayo alimsifu. Alimwambia Adoyo kwamba watu wengi huja mara moja, wakiambiwa safi wanashangilia, hawaonekani tena mpaka wabebwe. Lakini mzee huyu hajakosa hata mwaka mmoja. Adoyo alijisikia vizuri kama amesifiwa yeye. Alianza kuhesabu mwaka wake kwa kadi zile, na kila alipotoka hospitali alinunua andazi moja akalila akitembea, peke yake, kwa furaha.

Mwaka tisini na sita, zile kadi ziligeuka bluu. Zote tatu.

Daktari alimwita ndani, akamkalisha. Alisema si lazima iwe saratani, lakini mzee lazima aje mwenyewe, achunguliwe kwa mrija wenye taa, na asichelewe. Adoyo alirudi nyumbani hakumbuki alikopita. Ndoo tupu aliisahau mgahawani.

Rebeka alipoambiwa, alikaa chini na kunyoosha miguu yake mibovu, akalia bila sauti. Kisha akamwita mumewe ndani. Adoyo alikuwa jikoni, akisikia yaliyokuwa yakizungumzwa upande wa pili wa ukuta. Alitegemea kusikia kimya, au kilio, au sala. Alisikia kicheko.

Nkwabi alicheka. Si kicheko cha mtu aliyechanganyikiwa, la, kicheko cha kawaida, kama ameambiwa jirani kadondoka kwenye baiskeli. Akasema hana kitu, haendi popote, na mrija huo wampelekee anayeutaka. Rebeka alimsihi siku ile, akamsihi kesho yake. Akaleta mchungaji. Nkwabi alimkaribisha mchungaji vizuri, akampa maziwa mgando, akaongea naye habari za mvua, kisha akamsindikiza.

"Baba ana nini?" Adoyo alimuuliza mumewe.

Shigela alikuwa ananawa mikono kwa ndimu kutoa harufu ya samaki. Alimpenda baba yake, na hofu ilimjaa usoni. Lakini alisema, "Mimi nimwambie nini? Baba yangu yule. Nitaanzaje kumwambia habari za makalio yake?"

Adoyo alibaki na mzigo wake mwingine, ambao hakumwambia mtu. Juma lile la kadi kulikuwa na sherehe kwa jirani yao Masalu. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamefika. Adoyo alikuwa miongoni mwa waliogawa chakula, na kwa macho yake alimwona baba mkwe ameshika ubavu wa ng'ombe, anautafuna kwa raha. Ilikuwa siku ya pili ya kadi. Nyama ilikuwa imekatazwa. Alitaka kusema, akashindwa, angesemaje? Sasa kadi zimekuwa bluu, labda kwa damu ya ng'ombe wa Masalu, na mzee anakataa mrija, na nyumba nzima inalia, kisa ni haya zake yeye.

Ukweli ni kwamba kulikuwa na jingine lililomtisha zaidi. Rebeka alimnong'oneza jikoni kwamba mkanda wa mzee umetobolewa tundu jipya. Ugali anaacha nusu. Chooni anakwenda, anakaa, anarudi, anakwenda tena.

Siku ya maziwa iliyofuata Adoyo alikwenda kwa daktari akamweleza habari ya nyama, akiwa ameinamia vidole vyake. Daktari hakumgombeza. Alimpa kadi tatu mpya.

"Arudie," alisema. "Na safari hii, binti yangu, umwangalie."

Nimwangalieje, Adoyo alijiuliza njiani, wakati hata usoni sijawahi kumtazama?

Lakini hakuhitaji kumwangalia. Asubuhi ya pili baada ya kadi kuwekwa mezani, aliamka kufagia zizi kama desturi. Kando ya zizi kulikuwa na kizimba cha fito, alimofungiwa ndama anayenyonya bado. Ndama huyo alikuwa ameharisha damu karibu mwezi mzima, na kwa dawa ya magome aliyomnywesha mzee damu ilikuwa ndiyo kwanza imekoma. Adoyo alipokaribia alimwona baba mkwe amechuchumaa mle ndani, mgongo kwake. Alidhani anamnywesha ndama dawa. Halafu akaona mkono wa mzee una kijiti, kijiti kile kile chembamba cha hospitali, na mkono mwingine una kadi. Alichota kidogo kutoka chini ya mkia wa ndama. Akapaka. Akafunga kadi vizuri, akaipuliza ikauke.

Adoyo alirudi kinyumenyume mpaka jikoni. Alikaa kwenye gogo. Kwanza kicheko kilimpanda mpaka akauma khanga. Kisha kicheko kikakauka. Miaka minne. Safi ile yote ilikuwa safi ya ndama. Daktari alikuwa anamsifu ndama. Na baba mkwe wake, mtoto wa mtu aliyekufa kwa tumbo, mdogo wa mtu aliyekufa kwa tumbo, hakuwa amepimwa hata siku moja.

Ndiyo maana alicheka. Alijua damu ni ya nani.

Siku nzima Adoyo aliwaza amwambie nani. Akimwambia Rebeka, mzee ataumbuka mbele ya mkewe. Akimwambia Shigela, Shigela atashindwa kusema, na wataumbuka wote wawili. Akimwambia daktari, jina la ukoo litachekwa hospitali nzima. Kumwambia mwenyewe haikuwezekana. Jambo zito kati ya wakwe halisemwi uso kwa uso. Hutafutwa mtoto likapitishwa kwake, naye mkubwa husikia huku anaangalia pengine. Adoyo alikuwa na mtoto wa kike wa miaka mitatu, Kashindye, lakini huyo lolote alilosikia alilitangaza mpaka barabarani.

Kesho yake alichukua fagio akaenda zizini mapema. Mzee alikuwa tayari kizimbani, amechuchumaa, anamtazama ndama mdomoni. Adoyo alisimama upande wa pili wa fito na kumpa mgongo. Akaanza kufagia mahali palipokwisha fagiwa.

"Ndama," alisema, "wewe unaumwa. Daktari ameiona damu yako. Anataka uende ukachunguliwe kwa mrija."

Nyuma yake kitu kilianguka, pengine kibuyu cha dawa.

"Ila ninachoshangaa mimi," Adoyo aliendelea, "kule hospitali jina walilokuandika ni Nkwabi."

Alikuwa amelitamka. Miaka yote ya ndoa yake hakulitamka, na sasa limetoka, limesimama hapo kati yao. Alimsikia ndama akitafuna kamba. Alitamani kukimbia.

Hatimaye mzee aliongea, taratibu, na maneno yake aliyaelekeza kwenye sikio la ndama.

"Wewe ndama hujui mambo. Yule binti tulimleta hapa kwa ng'ombe kumi na wawili, wazuri. Hatukumleta aje kubeba mavi yangu. Yako wewe hana neno nayo, kila Jumamosi anasiriba nyumba kwa mavi ya mama yako. Nikaona abebe yako."

"Ndama," Adoyo alisema, "kwetu Shirati nilimuuguza bibi yangu Agutu miaka miwili. Alipooza upande. Nilimgeuza, nilimsafisha, nilimfulia nguo zake ziwani. Sikuona aibu. Mimi aibu nitakayoiona ni moja tu: kukaa kwenye msiba wa baba, watu wananipa pole, nami moyoni najua miaka yote nilikuwa nabeba mavi ya ng'ombe."

Kwenye neno msiba machozi yalimshinda. Aliendelea kufagia.

"Muulize amejua lini," mzee alimwambia ndama.

"Jana."

"Amemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Hata mumewe?"

"Hata mume wangu."

Mzee alipoongea mara hii sauti yake ilikuwa nyingine, ndogo, sauti ambayo Adoyo hakuwahi kuisikia nyumbani humo.

"Ndama, mwambie hivi. Tangu mwezi wa tano na mimi ninaiona damu. Yangu mwenyewe. Siyo kila siku. Kidogo, juu juu. Nikasema ni pilipili. Luhaga naye alisema ni pilipili."

Adoyo aliacha kufagia. Alitaka kugeuka, akajizuia. Walibaki vile, kila mmoja na mgongo wake, mpaka Rebeka alipoita kutoka ndani akiuliza kama leo ng'ombe hawakamuliwi.

Kadi mbili zilizokwisha pakwa ndama mzee alizichoma. Adoyo alikwenda hospitali akasema zimeharibika, akapewa nyingine mbili. Siku tatu zilizofuata Nkwabi alikula maharage na mlenda, na jirani yake Masalu alipomkuta akamtania kwamba sasa amekuwa Msabato, alijibu kuwa hata ng'ombe hali nyama na ana nguvu kumshinda Masalu. Asubuhi ya nne Adoyo alipotoka na ndoo yake hakukuta kitu kikapuni. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, amekishika kifurushi kwa mikono miwili. Hakikuwa na kamba.

"Mama Kashindye," alisema, macho yake yakiwa kwenye mawe ya mbali. "Hizi ni zangu."

Adoyo alipiga magoti, akazipokea kwa mikono miwili, kama unavyopokea chakula.

Ya kwanza ilikuwa safi. Ya pili safi. Ya tatu ilipodondoshewa dawa ilianza kugeuka rangi polepole kwenye pembe moja. Daktari Mihayo alieleza kwamba ndiyo sababu huomba tatu, na ndiyo sababu huomba kila mwaka; kijinyama hakitoi damu kila siku kwa kumridhisha mpimaji.

Mara hii mzee hakucheka wala hakukataa. Aliuliza tu siku. Jioni ya kuamkia safari alikunywa mafuta ya nyonyo aliyopewa, akayavumilia mwenyewe matokeo yake. Asubuhi alivaa shati lake la kanisani. Shigela aliomba ruhusa kiwandani, akanyimwa. Basi walikwenda wawili, mzee mbele na Adoyo nyuma hatua kumi.

Hospitali Adoyo alikaa kwenye benchi la korido. Mlango ulikuwa na pengo chini, na sauti zilipita. Alimsikia daktari akiuliza maswali, akisoma faili: mwaka tisini na tatu safi, tisini na nne safi, tisini na tano safi. Kisha sauti ya mzee.

"Hiyo yote ifute, daktari. Alikuwa ndama."

Daktari akauliza ndama yupi. Mzee akaeleza, kuanzia mwanzo, bila kuficha, hata habari ya magome aliitaja. Adoyo alijifunika uso kwa khanga. Alisikia daktari akicheka, kicheko cha mtu aliyevua miwani kufuta macho, na katikati yake alimsikia mzee naye akicheka kidogo. Muuguzi alikuwa akicheka pia. Halafu kicheko kikaisha, na daktari akasema kwa upole, "Haya mzee wangu, lala ubavu wa kushoto. Itauma kidogo. Ukitaka niache, sema."

Palipita muda. Adoyo alihesabu vigae vya sakafu, akavimaliza, akavianza upya. Aliogopa kuliko siku aliyojifungua Kashindye. Siku ile aliyekuwa anaumia ni yeye, na mtu anayeumia ana kazi ya kufanya.

Mlango ulipofunguliwa, daktari alimwita ndani, na mzee hakukataa awepo. Kilikuwapo kijinyama. Kilikuwa chini, mahali pa kufikika, kimening'inia kwenye kikonyo, ukubwa wa punje ya hindi. Kimekatwa. Kilikuwa ndani ya kichupa cha dawa, na daktari alikiinua kwenye mwanga wa dirisha wakakiona wote watatu: kitu kidogo chekundu, hakina hata sura ya ubaya. Kitapelekwa Dar es Salaam kupimwa, alisema. Majibu huchukua wiki sita au nane.

Yalichukua kumi. Wiki hizo Nkwabi hakuongea sana. Alitengeneza ua wote wa zizi, fito kwa fito, kama mtu anayeacha nyumba katika hali nzuri. Rebeka alimpikia kila anachopenda, naye akala ili asimsikitishe. Adoyo alipita hospitali kila siku ya maziwa na kuuliza, na kila siku aliambiwa bado, akarudi na kutikisa kichwa kwa mbali kabla hajafika uani, mzee asije akasubiri hatua zile za mwisho bure.

Siku moja hakutikisa kichwa. Alikuja mbio, ndoo mkononi, viatu mkononi, na alipofika mbele ya mama mkwe na baba mkwe alisahau kupiga magoti. Hakikuwa saratani bado. Daktari alisema kingeachwa miaka michache kingegeuka. Rebeka aliimba palepale, ameketi, akipiga makofi. Nkwabi aliingia ndani, akakaa huko peke yake kwa muda.

Lakini daktari alikuwa ameongeza neno. Mahali palipoota kimoja huota kingine. Arudi ikitimia miezi sita tangu kukatwa, yaani mwezi wa pili, na kisha kila mwezi wa pili wa kila mwaka, kwa mrija.

Hapa ndipo watu wengi huchoka. Ukiwa na hofu, safari ni rahisi. Hofu ikiisha, barabara inakuwa ndefu. Mwaka tisini na saba mzee alikwenda bila kusukumwa. Mwaka uliofuata ilinyesha ile mvua ya El Nino, maji yakakata barabara, pamba ikaoza shambani, na kila mtu alikuwa na sababu ya kuahirisha kila jambo. Shigela alisema baba asubiri jua. Hata Rebeka alisema Mungu anaona mvua. Nkwabi alimtazama Kashindye akamwambia, "Muulize mama yako, sisi tunasubiri jua?" Na Adoyo, kutoka jikoni, alimwambia mtoto, "Mwambie babu hatusubiri." Walivuka maji yanayofika mapajani, mzee mbele na Adoyo nyuma, mzee akijaribu kina kwa fimbo. Walifika wamelowa, wakamkuta daktari peke yake, wagonjwa wengine wote walikuwa hawakuja. Kulikuwa na kijinyama kingine, kidogo kuliko kile. Kikakatwa.

Mwaka tisini na tisa, mwezi wa pili, Adoyo alikuwa na kitoto kichanga cha wiki tatu, na kutoka hakuweza. Wiki nzima alikosa usingizi akiwaza. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumsindikiza mzee. Aliogopa kwamba akifika peke yake kwenye geti la hospitali, mbele ya wale wasichana wa dirishani, zile haya zake za zamani zitamrudia. Atakwenda kukaa kwa marafiki zake sokoni, kisha atarudi aseme safi. Nani angejua? Alijilaumu kwa mawazo hayo. Hata hivyo aliyawaza.

Siku ilipofika mzee aliondoka alfajiri. Adoyo alimwona mgongo, amenyooka, shati la kanisani.

Saa kumi alasiri alimwona akirudi. Alikuwa amekaa kizingitini, mtoto kifuani chini ya khanga, na alijaribu kuusoma mwendo wake kutoka mbali. Ulikuwa mwendo wa mtu aliyechoka, basi. Kwa Masalu alisimama. Wakaongea. Masalu alionyesha kitu shambani, mzee akaenda kukitazama, wakainama wote wawili. Adoyo alimlaani Masalu kimoyomoyo pamoja na shamba lake. Mwishowe mzee alitoka, akapita zizini bila kusimama, akapita mlango wa nyumba yake mwenyewe uliofungwa, akaja moja kwa moja mpaka mbele ya kizingiti cha Adoyo. Alisimama hatua chache, kama inavyostahili. Kashindye alikuwa hapo pembeni, anacheza, lakini mzee hakumtumia. Alimtazama mke wa mwanawe usoni.

"Mama Kashindye."

"Abee, baba."

"Wamenichungulia mpaka wamechoka wenyewe. Mara hii hakuna kitu."

Adoyo alimkumbatia mtoto.

"Nao mrija wao wanakutia hivi," mzee alisema, akionyesha urefu kwa mikono, kisha akaona amevuka mpaka, akaiteremsha mikono. "Yule daktari alitaka kunipa miaka miwili. Eti hali yangu ni nzuri, nipumzike. Nikamwambia aandike mwakani."

"Mwezi wa pili?"

"Mwezi wa pili. Ameandika. Nimemwona anaandika."

Mtoto alitikisika chini ya khanga, akatafuta ziwa, akalipata. Adoyo alivuta pumzi ndefu, ndipo akajua alikuwa haivuti sawasawa tangu asubuhi.

Mzee alikuwa bado amesimama pale, anahama kutoka mguu huu kwenda mguu ule.

"Mama yenu hayupo ndani," alisema. "Na mimi tangu jana sijala."

"Karibu ukae, baba," Adoyo alisema, akainuka na mtoto wake kwenda kuchochea moto.